Kastoma halipii nguo, analipia tarehe

Wale hamkuweza kufika Jumamosi mliomba niwawekee yote hotuba yangu ya mkutano wetu wa mafundi wa nguo, ile ya stima na kazi yetu, basi hii hapa. Nimeiandika vile niliongea. Zile picha za ukutani nimeziacha, cherehani mnaijua inakaa aje.

Mwenyekiti wetu, mheshimiwa wa wadi, wazee wa mtaa mliotupatia huu ukumbi, mama zangu mlioanza hii kazi kabla sijazaliwa, na nyinyi hapo nyuma, vijana wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, hamjambo? Sijasikia. Mafundi, hamjambo?

Asanteni. Nianze na swali na msinijibu haraka. Ni nani hapa ameshawahi kumwambia kastoma "kuja kesho" akijua kabisa kesho nguo haitakuwa tayari? Inueni mikono. Inueni tu, hakuna kastoma hapa leo.

Mnaona? Ukumbi mzima. Na wangu uko juu.

Nairobi hii mtu akitaka mfano wa mwongo anataja fundi wa nguo. Imekuwa kama jina letu la ukoo. Na inaniuma, kwa sababu najua vile mnaamka, najua macho yanavyochoka, najua mgongo. Nimekaa kwa hii kazi zaidi ya miaka ishirini na nimejiuliza sana huo uongo unatoka wapi. Kuna uvivu, ndio, tusidanganyane, kuna kuchukua oda nyingi kwa sababu ya dipositi. Lakini sehemu kubwa ya "kuja kesho" zangu mimi ilikuwa stima. Stima ilipotea nikasema kesho, ikarudi na oda zimepangana, nikasema kesho tena, na kwa kastoma yote hiyo ni uongo mmoja tu.

Niwaambie siku nilielewa hii maneno.

Ilikuwa Disemba, miaka kumi na mbili iliyopita. Nilikuwa na gauni saba za kitenge, sita za mameidi, wale wasichana wa kumsindikiza bibi harusi, na moja ya mama ya bibi harusi. Harusi Jumamosi saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekata zote, nimeshona karibu nusu, imebaki ovaloki, zipu, na pasi. Jumatano jioni transfoma ya mtaa ikalipuka, ule mlio mnaujua, kishindo halafu kimya halafu watoto wanapiga kelele. Nikasema kesho itatengenezwa. Alhamisi giza. Ijumaa giza. Ijumaa saa moja usiku nikaweka gauni zote kwa gunia mbili nikapanda matatu mpaka Umoja kwa rafiki yangu fundi ambaye kwake kulikuwa na stima, lakini na yeye ni Disemba, ako na oda zake, kwa hivyo tulipata mashine saa sita usiku akishamaliza za kwake. Tulishona mpaka kukakucha. Nilifika mlango wa kanisa saa nne na nusu. Mameidi wawili waliingia na pindo limeshikwa kwa pini.

Yule mama hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinisikiliza nikieleza transfoma, nikieleza Umoja, nikieleza gunia, halafu akaniambia, "Fundi, stima mimi sikuiagiza. Mimi niliagiza Jumamosi."

Mnasikia hiyo? Niliagiza Jumamosi.

Sikulala wiki mzima. Maana alikuwa sawa. Gauni angepata Gikomba, angepata Eastleigh, angeenda Biashara Street angepata vitambaa vyote na fundi kila kona. Alikuja kwangu akalipa dipositi ili Jumamosi saa nne watoto wake wawe wamevaa. Kastoma halipii nguo, analipia tarehe. Na kama kazi yako inategemea stima, na stima yako haijulikani inakuja saa ngapi, basi unauza tarehe ambayo si yako.

Najua wazee hapa mbele wananiangalia wanasema huyu mama mbona hakukuwa na cherehani ya kukanyaga. Naiheshimu hiyo fikira, kwa sababu huko ndiko nilitoka. Nilijifunza kushona kwa shangazi yangu kule Jericho mwaka 2000, na wa rika langu mnaukumbuka huo mwaka. Mvua ilikosa, mabwawa ya Mto Tana yakashuka, na wakati huo sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilikuwa ya maji, kwa hivyo ikawa ya mgao, mtaa huu leo ule kesho. Shangazi alikuwa na Singer yake ya miguu. Mafundi wa mashine za stima walikuwa wanakuja kumwomba awashonee, wanapanga laini kama ya maziwa. Alikuwa anasema cherehani ya miguu haijui giza. Na ni kweli, haijui.

Lakini niulize. Hiyo Singer ilitoa gauni ngapi kwa siku? Mbili, tatu kama ni rahisi. Iliajiri watu wangapi? Shangazi peke yake, mimi nilikuwa nakula tu, silipwi. Mashine ya stima kama Juki DDL-8700, ile nyeupe mnaiona kila mahali, imetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika. Hakuna mtu anakanyaga mpaka huko mwisho akishona kola, lakini hata ukienda polepole umemuacha shangazi mbali sana. Ile ya miguu inakulinda usilale njaa. Kukua nayo, kuandika mtu wa pili na wa tatu, hiyo ni ngumu. Mimi bado niko nayo, imekaa pale kona, naipaka mafuta, na siku stima ikipotea kabisa inamalizia pindo. Msitupe Singer zenu tafadhali.

Sasa nataka tuongee kuhusu pasi, na hapa mnivumilie kwa sababu nitakaa kidogo.

Watu wakisikia stima ya fundi wanafikiria mashine. Mimi nawaambia iko kwa pasi. Nguo inashonwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sindano na mara ya pili kwa pasi. Ukishona mshono usipoufungua ukaupiga pasi kabla ya kuunganisha kipande kingine, hata ukiwa na mkono wa dhahabu hiyo nguo itakaa ya kushonewa mtaani. Hiyo ndio tofauti ya koti la duka na koti letu. Sio kitambaa, kitambaa ni kile kile tunanunua wote. Ni pasi katikati ya kazi, kila mshono, kila dati, kile kikunjo cha kubana umbo, kila pindo.

Na vilene? Kile kitambaa kigumu cha gundi kinakaa ndani ya kola na ya lapeli ya koti. Gundi yake inataka moto wa kiasi, sawa sawa pande zote, na sekunde za kutosha umebonyeza bila kutelezesha. Niliwahi kupata oda ya mashati 24 ya kwaya, meupe, na wiki hiyo stima ilikuwa inakuja na kwenda kama mgeni asiyejua kama analala. Nikaamua nitumie pasi ya makaa. Pasi ya makaa moto wake hauna kipimo, ukiijaza inachoma, ikipoa haishiki, na ukiipepeta cheche inaruka. Shati moja lilipata tundu la cheche kifuani, hilo nilishona lingine. Mengine 23 yalitoka mazuri, nikapeleka, wakaimba, nikalipwa. Baada ya kufuliwa mara mbili kola zikafura vipele, unajua vile inafura, kama ngozi imeungua. Zikarudi. Nikanunua vilene tena, kitambaa tena, nikabandua kola moja moja usiku. Hiyo kazi nilifanya mara mbili nikalipwa mara moja.

Hesabu ya pasi ni rahisi, hata watoto wa shule wanaijua. Pasi ya wati 1,000 ikivuta moto saa moja nzima ni yuniti moja, kile kipimo cha stima tunalipia. Ndio kitu kinakula stima kushinda vyote kwa karakana, kuliko mashine, kuliko taa. Kwa hivyo siku hizi sipigi vilene shati moja moja. Tunakata zote, tunapanga kola zote, pasi inawashwa mara moja, tunapiga zote kwa mpigo mmoja, tunazima. Ukiwasha pasi mara kumi na tano kwa siku kila wakati unalipia kuipasha kutoka baridi.

Tukiwa hapo kwa hesabu, nani anajua stima ya gauni moja ni pesa ngapi? Mnajua bei ya uzi, mnajua zipu, mnajua vifungo kwa dazani. Stima je? Hakuna?

Hata mimi sikujua, kwa sababu duka langu la kwanza lilikuwa kwa ploti ya maduka sita na mita moja ya mwenye ploti. Kila mwezi tunachanga sawa. Mimi, kinyozi, mama wa salon na drayer zake, na pembeni kijana wa welding. Kijana mzuri, mchapa kazi, hana makosa. Lakini kila akigusa chuma taa zangu zinafifia, mashine inalia sauti nzito, inavuta kama mtu amebeba jiwe. Mimi najua tu stima iko. Sikujua kwamba stima iliyoshuka nguvu ni mbaya kuliko giza. Mota ikikosa volti za kutosha inavuta mkondo mwingi zaidi ili izunguke, waya zake za ndani zinapata moto, na kidogo kidogo zinaungua. Kwa hivyo ovaloki yangu ilikufa siku ambayo stima ilikuwa inawaka. Nikaipeleka mota ikasukwe waya upya, wiki mbili bila ovaloki, na nyinyi mnajua fundi bila ovaloki ni nusu fundi.

Na kuna upande mwingine, waya wa neutro, ule wa kurudisha stima, ukikatika huko nje kwa nguzo, badala ya zile volti 240 unaweza kupata nyingi mno, hata karibu na 400, na hapo kila kitu kimechomekwa kinaaga. Kile kidude cha kulinda friji nyumbani, wekea mashine zako. Kinasubiri stima itulie kabla ya kuiruhusu. Na msishonee kwa stima ya kusambaziwa, ile ya kuungwa bila mita. Najua ni rahisi, najua ni haraka, najua wengine hamkupewa njia nyingine na hiyo nitaisema kwa mheshimiwa kabla sijaketi. Lakini waya uliopita juu ya mabati, hauna breka ya kukata stima, hauna ethi, ule waya wa usalama wa kwenda ardhini, na chini yake umepanga marobota ya kitambaa na uzi? Mtaa ukishika moto sisi ndio tunaungua wa kwanza. Tafadhali.

Basi nilipohama nilitafuta kitu kimoja, mita yangu mwenyewe. Nilikubali chumba kidogo, nikakubali rent zaidi, ili niwe na mita yangu na tokeni zangu, stima ya kulipia kabla ya kutumia. Watu walinishangaa. Na kuna faida nyingine wengi hawaijui. Bei ya yuniti inaenda na matumizi ya mwezi. Nyumbani iko hivyo, na tangu Aprili 2023 biashara ndogo nazo ziko hivyo. Ukiwa chini ya yuniti 30 bei iko chini, ukipita inapanda, ukipita 100 inapanda tena. Sasa maduka sita kwa mita moja, mko wapi? Mko huko juu nyote, hata wewe unayewasha taa moja na mashine moja unalipa bei ya mtu wa welding. Na hiyo haikuwa makosa ya kijana. Ni mita.

Kwa mita yangu nikaanza kuandika. Asubuhi namba, jioni namba, mwezi mzima, kwa daftari la oda. Nikagawa kwa nguo. Na mafundi wenzangu, stima ya gauni moja, pamoja na pasi, ilikuwa haifiki bei ya zipu nzuri. Rudini hapo mfikirie. Tunalia tokeni zimekwisha mbio, ndio zinakwisha, lakini kwa nguo moja ni kitu kidogo namna hiyo.

Sasa giza ni pesa ngapi? Wakati huo nilikuwa nalipa rent 13,000. Gawa kwa siku 26 za kazi, ni 500 kila siku, niwe nimeshona au nimekaa. Siku nzuri tulikuwa tunatoa gauni tatu, ufundi 800 kila moja, hiyo ni 2,400. Siku moja ya giza imenikula 2,900, na bado sijahesabu kastoma aliyeondoka na asirudi. Stima ya siku hiyo yote kama ingekuwepo haingefika hata 150. Kwa hivyo mtu akiniambia stima ni ghali namwambia ndio, lakini nimewahi kununua kitu ghali zaidi, nimenunua giza.

Sasa, tufanye nini? Tungoje? Nchi yetu imejaribu sana, lazima tuseme. Hatutegemei tena mvua peke yake kama mwaka 2000. Kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, kuna upepo wa Loiyangalani, megawati 310, kuna stima inatoka Ethiopia tangu 2022. Lakini mnakumbuka tarehe 7 Juni 2016? Tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakaa bila stima zaidi ya masaa matatu. Tumbili mmoja, na yeye hata hakufa. Na Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 nchi ikazima tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta watu walikaa gizani na mizigo yao. Kama uwanja wa ndege unaweza kukaa gizani, wewe na kibanda chako Kayole unasema nini? Lazima uwe na yako pembeni.

Na hapa watu wengi wanakosea, hata mimi nilikosea. Nilikimbilia jenereta. Kelele, moshi, majirani wa juu wananigongea, na petroli Septemba 2023 ilifika shilingi 211 kwa lita hapa Nairobi. Hiyo gauni ilikuwa inashonwa na pesa zangu. Nikaiuza.

Kilichonisaidia ni kijana mmoja fundi wa mashine. Alikuja kutengeneza Juki akaniuliza, mama, kwa nini hii mota inanguruma na hakuna mtu anashona? Nikamwambia si ndio mota. Akaniambia hapana, hii ni ya klachi, ukiwasha swichi inazunguka tu mchana kutwa ukishona usishone. Kuna mota ya sevo, hiyo inazunguka ukikanyaga peke yake. Ukiinua mguu imenyamaza. Akaniwekea. Bei ilikuwa kama gauni mbili za kitenge. Na karakana ikanyamaza kimya, tukaanza hata kusikiana.

Sikilizeni vizuri kwa nini nasema hii kwanza kabla ya betri. Ukinunua betri na bado una mota za klachi, utahitaji betri kubwa na ya bei. Ukipunguza kwanza unachokula, betri ndogo inakutosha. Mimi nilienda Luthuli, kule mjini kwa maduka ya vifaa vya stima, nikachukua inveta, ile ya kugeuza stima ya betri iendeshe mashine, na betri moja ya volti 12, ampea 100. Zidisha, ni wati 1,200 kwa saa moja, lakini hizi betri za asidi ukizimaliza zote zinakufa mapema, tumia nusu, basi uko na 600. Pasi ingeimaliza hiyo kwa nusu saa na kidogo. Lakini mashine mbili za sevo na taa za LED na simu mbili? Mimi zinanipeleka zaidi ya masaa mawili, mara nyingine matatu. Masaa mawili ndio tofauti ya "njoo jioni" na "njoo kesho." Pasi usiiweke kwa betri, hata kama inveta inasema inaweza.

Kwa hivyo nikapanga kazi vingine. Zile notisi za kuzimwa stima kwa matengenezo, Kenya Power wanaziweka kila wiki na majina ya mitaa na masaa, mara nyingi ni saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ni nani hapa huzisoma? Wawili. Mafundi! Hiyo ni kalenda ya bure. Mimi msichana wangu wa kaunta anazisoma kila zikitoka, na siku mtaa wetu ukitajwa, jioni ya kabla yake tunapiga pasi kila kitu, vilene zote, mishono yote iliyofunguka. Siku yenyewe tunashona kwa betri, tunakata, tunapima, tunashona vifungo kwa mkono. Kastoma akija jioni nguo iko. Hajui hata kama stima ilipotea. Na hapaswi kujua, yeye aliagiza Jumamosi.

Sasa mniambie hiyo inakuzaje biashara. Niwape mambo mawili halafu niketi.

La kwanza ni watu. Wafanyikazi wetu wengi tunalipa kwa pisi, yaani kwa kila nguo wameshona. Stima ikipotea wewe umepoteza rent, yeye amepoteza chakula cha watoto jioni. Nilikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi EPZ, vile viwanda vya bidhaa za kuuza nje, kule Athi River, wale wanaoshona nguo za kwenda Marekani, mkono wake ulikuwa kama upepo, anaweka zipu ukiangalia kando imekwisha. Alinikalia miezi minne, wakati wa giza. Siku moja akaniambia kwa heshima sana, mama, mimi napenda kazi yako lakini hapa nakaa zaidi ya vile nashona. Akaondoka. Sikuwa na la kumwambia. Nilipoweka mambo yangu sawa nilimpigia simu, akarudi, na sasa yeye ndiye anafundisha wengine. Fundi mzuri anafuata mahali mashine inazunguka.

La pili ni oda kubwa. Miaka mitatu sasa nashonea shule yunifomu. Mara ya kwanza kuingia kwa ofisi ya mwalimu mkuu nilikuwa nimebeba sampuli, nimepiga pasi mpaka inang'aa, nimejiandaa kuongea juu ya kitambaa. Aliigusa, akaiweka chini, akaniuliza, utaleta lini? Zilikuwa marinda 90 na mashati 90, shule inafunguliwa Januari. Miaka ya nyuma ningesema "karibu Krismasi, Mungu akipenda." Siku hiyo nilitoa daftari. Nilijua tunatoa ngapi kwa siku yenye stima, na ngapi kwa siku ya betri, nikaweka siku nne za dharura, nikamwandikia tarehe. Nilipeleka siku mbili kabla. Muhula uliofuata alinipigia yeye. Na hata pale sacconi, chama chetu cha akiba na mikopo, nilipoenda kuomba mkopo wa mashine ya tano na ya sita, karatasi za till yangu, ile namba ya kulipiwa kwa simu, zilikuwa zinaonyesha pesa inaingia kila wiki, sio wiki hii milima na wiki ijayo jangwa. Afisa wa mkopo hakuniuliza kama najua kushona.

Mheshimiwa, nilisema nitakurudia. Hapa mbele yako wako watu wanalisha nyumba zao kwa sindano. Wengi wao wanashona kwa mita ya mtu mwingine ama kwa waya wa hatari, na si kwa kupenda. Vibanda vya soko vikijengwa, kila kibanda kiwe na mita yake na breka yake tangu siku ya kwanza, kabla rangi haijapakwa. Wenye ploti mliokuja, na nimewaona, hiyo hiyo. Mpangaji mwenye mita yake hahami. Mimi nimekaa pale pangu miaka tisa.

Na mafundi, Jumamosi ijayo yule kijana wa sevo atakuja karakana kwangu kuanzia saa nane mchana. Kuna kibati kidogo kwa mota yako kimeandikwa wati na volti. Kipige picha uje nayo kwa simu. Atakuangalilia bure, na hata kama huna pesa ya kubadilisha mwaka huu utarudi nyumbani unajua mashine yako inakula nini. Kuja na daftari pia, na namba za mita za wiki mzima, asubuhi na jioni, anzeni kesho.

Nimemaliza. Kuna mama hapo nyuma wa leso ya kijani ameinua mkono tangu nikitaja pasi. Mpatieni maiki yeye aanze.